Jenerali wa Mbao

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita. Yanachapwa hapa kwa ajili ya wale waliopitwa, pamoja na nyongeza chache ambazo dakika za redio hazikuruhusu.)

Ndugu msomaji, wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Leo nataka tuzungumze juu ya wachezaji waliotunzwa kwao, wakaogopwa na serikali, kisha wakasahauliwa na wajukuu wao wenyewe, nikiwamo mimi. Lakini kwanza twende Pangani, uani kwa dada yangu, ambako ndiko mazungumzo haya yalikoanzia.

Nilifika pale mwezi uliopita nikamkuta mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na tisa, ameketi chini ya mwembe amezungukwa na takataka. Ndivyo nilivyodhani. Palikuwa na maboksi ya televisheni yaliyokatwakatwa, ndala mbovu kiasi cha gunia zima alizookota ufukweni, kipande cha godoro la sponji, gundi ya viatu, msasa, na makopo mawili ya rangi ya kupuliza. "Shikamoo mjomba," akasema bila kuinua macho. Alikuwa anachonga bega. Naam, bega: bamba la raba lililopashwa moto likapindwa, likapakwa rangi ya fedha hata ukilitazama kwa mbali unaapa kuwa ni chuma. Kwenye ukuta limeegemezwa panga la mbao ya mvinje, refu kuliko yeye. Akanieleza kwamba anatengeneza vazi la shujaa mmoja wa kwenye gemu, na kwamba vijana wenzake wa Dar es Salaam hukutana mara moja moja kila mtu amevaa kama mhusika ampendaye, wakapigana picha na kushindanishwa nani kapatia. Mwenye vazi la kununua hahesabiwi sana. Sifa ni ya aliyeshona na kuchonga kwa mkono wake.

Baba yake, yaani shemeji yangu, hakuwa na furaha. "Shemeji," akaniambia, "sisi tulivaa nguo ili tuonekane watu. Huyu anavaa aonekane gemu. Hebu zungumza naye, wewe ni mtu wa redio, labda atakusikia. Huku kuiga watu wa nje kutatufikisha wapi?"

Nikakaa kimya, maana nilikumbuka jambo. Bibi yangu mzaa mama, ambaye alikuwa mtoto katika mji huo huo wa Pangani enzi za Mwingereza, alikuwa akituhadithia habari za majenerali waliopita barabarani wakiwa wamebeba bunduki za mbao. Sisi watoto tulicheka. Tulidhani ni hekaya za bibi. Nilipokwisha kuwa mtu mzima ndipo nikakikuta kitabu cha Terence Ranger, mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, kilichotolewa mwaka 1975, kinachohusu ngoma ya Beni tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi alikuwa anasema kweli tupu.

Beni ni neno la Kiingereza la bendi lililovikwa kanzu ya Kiswahili. Ngoma hii ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya, Mombasa, Malindi na Lamu, katika miaka ya 1890. Mafundi wake waliisikia bendi ya tarumbeta, wakaliona gwaride, wakaona meli za kivita zimetia nanga na mabaharia wake wamevaa nyeupe, wakasema: na sisi. Mombasa kulikuwa na makundi mawili, Kingi na Skochi. Kingi walikuwa vijana wa majumba yenye jina, na Skochi wakajipamba kwa sketi za Kiskochi. Ndani ya Skochi walikuwamo watu wa Freretown, misheni iliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Zingatia sana hilo la watumwa, nitalirudia.

Ngoma ikashuka kusini kwa jahazi na kwa miguu. Kabla ya vita ya 1914 ilikuwa imekwisha shika pwani yetu, na huku majina yakawa Marini na Arinoti. Marini ni askari wa majini. Walikuwa waungwana wa mjini, makarani, watu wa kanzu zilizopigwa pasi. Arinoti walikuwa wengi wao watu wa kuja, wapagazi, vibarua, watu wasio na ukoo wa kutaja mbele ya kadhi. Wapinzani wao wakawaita wachafu, nao hawakujificha kwa sababu ya jina hilo. Kila kundi lilikuwa na mfalme wake, gavana wake, majenerali, makapteni, daktari, na upande wa wanawake malkia na wasaidizi wake. Enzi za Mjerumani vyeo vilikuwa vya Kijerumani, Kaizari akiwa juu kabisa. Bendera ya Mwingereza ilipopanda, Kaizari akateremshwa ngomani kama alivyoteremshwa Bomani, akapandishwa King George.

Sasa tujiulize swali ambalo shemeji yangu angeliuliza. Pangani, kuliko mji mwingine wowote wa pwani hii, ilikuwa na sababu gani ya kucheza ngoma kwa sare za Mzungu?

Maana Pangani ndipo ghadhabu ilipowakia. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kuchukua forodha baada ya mkataba wake na Sultani wa Zanzibar. Mkuu wake hapo Pangani, Emil von Zelewski, aliingia msikitini na mbwa wake wakati wa Idi. Mji ukalipuka. Akatokea Abushiri bin Salim al-Harthi kuongoza vita, na kwa muda Wajerumani wakafukuzwa karibu pwani nzima. Hermann von Wissmann akaletwa na jeshi la kukodi, askari Wasudani waliochukuliwa Misri na wengine kutoka Msumbiji. Julai 1889 mji wa Pangani ukapigwa mizinga kutoka baharini na kutekwa. Tarehe 15 Desemba mwaka huo Abushiri akanyongwa hapo hapo Pangani, mbele ya watu.

Watu waliouona mti ule wa kunyongea walikuwa bado hai wakati watoto wao na watumwa wao wa zamani walipoanza kushona kaki na kuchonga bunduki za mbao. Je, walisahau? La hasha. Je, walikuwa wajinga wa kumpenda aliyewapiga? Wazungu wengi wa wakati ule walidhani hivyo, na hata wasomi wetu wa baada ya uhuru waliiona Beni kuwa ni aibu, kasuku wa mkoloni. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu ni nguo.

Pwani ya zamani nguo ilikuwa sheria. Kanzu, joho, kilemba, jambia na bakora vilikuwa vya mwungwana. Mtumwa hakuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Mto Pangani ulikuwa na mashamba ya miwa na viwanda vya sukari vilivyoendeshwa kwa jasho la watumwa, na watu hao hawakutoweka kwa sababu bendera imebadilika. Mjerumani hakuufuta utumwa kwa mkupuo mmoja. Alichofanya ni kuamuru kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Utumwa wenyewe haukukomeshwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Kwa hiyo yule kijana wa Arinoti aliyetembea katikati ya barabara mwaka 1912 amevaa koti la kaki, kofia kichwani, viatu miguuni na upanga wa mbao kiunoni, huenda kwa sheria ya wakati ule alikuwa bado mali ya mtu, na mtu mwenyewe ameketi barazani anamtazama.

Jambia lilikuwa na mwenyewe. Kilemba kilikuwa na mwenyewe. Kaki haikuuliza ukoo. Ilikuwa imekuja juzi tu kwa meli, na aliyeivaa kwanza katika nchi hii alikuwa askari wa kukodi asiye na babu pwani, na mwungwana alilazimika kumpisha njiani. Mtu wa chini aliyaona hayo kwa macho yake. Nadhani hakuhitaji kufundishwa na mwanafalsafa kwamba ukubwa ni vazi, na kwamba vazi hushonwa.

Lilishonwaje? Hapa ndipo bibi yangu alipokuwa akiamka kutoka kwenye kiti chake cha kamba na kuonyesha kwa mikono. Kaki na drili zilinunuliwa dukani kwa Mhindi, au kuukuu kwa askari aliyemaliza kazi. Asiyeweza, alinunua marekani akaitia rangi. Fundi cherehani aliketi barazani na wachezaji wawili wakimsimamia, mmoja akimshika mkono kila anapokosea mshono wa mfuko, maana mfuko wa koti la ofisa una mkunjo wake. Vifungo vilikatwa kwenye debe la mafuta ya taa, vikasuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka vikang'aa. Nishani vile vile. Mashada ya mabegani ya jenerali, yale yanayoning'inia kama masharubu, yalikuwa nyuzi za mkonge zilizochemshwa na manjano ya mchuzi.

Mkonge! Tunda la Dakta Richard Hindorf, aliyeuleta mmea huo kutoka Florida mwaka 1893 ukapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto huo huo wa Pangani. Mmea uliokuja kuwajaza vibarua wa bara katika mashamba yote ya Tanga, wakakatwa mikono na miba yake, nyuzi zake zikamvisha jenerali wa ngoma. Bibi hakuona ajabu yoyote hapo. Yeye alichokumbuka ni kwamba mvua ikinyesha manjano yanachuruzika, na jenerali anarudi nyumbani koti limeharibika na mkewe anagomba.

Bunduki zilichongwa kwa mbao nyepesi ili mtu aweze kuzirusha begani siku nzima bila kuchoka. Ngoma kubwa zilitengenezwa kwa mapipa na kuwambwa ngozi. Tarumbeta za shaba zilikuwa za kununua, na hizo ndizo zilizowatoa watu jasho: kila mwanachama atoe mchango, asiyetoa atozwe faini, asiyelipa faini avuliwe cheo hadharani. Kulikuwa na daftari, karani na mweka hazina. Siku ya mashindano kundi lililoalikwa lililishwa na kundi mwenyeji, ng'ombe na mbuzi wakaanguka, na nyumba nyingine zikabaki na deni. Wazee walilalamika, maofisa wa serikali wakaandika kuhusu upotevu wa mali. Nadhani walikuwa na haki kwa kiasi fulani. Lakini daftari lile lile ndilo lililomzika mgeni aliyefia Pangani bila ndugu, na ndilo lililompa mahali pa kulala mwanachama aliyeshuka Tabora au Ujiji bila kumjua mtu. Kibarua aliyetoka mbali hakuwa na ukoo hapa. Arinoti ndio waliokuwa ukoo wake.

Vita ya kwanza ilipokuja ndipo Beni ikapata mabawa. Novemba 1914 Waingereza na majeshi yao ya Kihindi walishuka Tanga wakapigwa vibaya. Wakarudi Julai 1916, wakaichukua Tanga na Pangani mwezi huo huo. Katikati ya mambo hayo maelfu ya watu wa pwani walikokotwa bara na kusini kama askari na wapagazi, wakatembea pamoja na ngoma yao, na walipotawanyika wakaiacha kila mahali. Nyasa ikazaa malipenga na mganda, ambako asiye na tarumbeta alitengeneza ya kibuyu na kukitia utando wa buibui ili sauti ilie. Kongo, huko Katanga, ikaitwa mbeni. Ikafika mpaka kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Mwingereza aliyerithi Tanganyika akashtuka. Jiweke katika nafasi ya ofisa kijana aliyetoka London mwaka 1919. Anaona barua zinapita kutoka mji hadi mji, zimetiwa sahihi na magavana na majemadari asiowajua, zinazungumzia vikosi na maagizo. Akifika uwanjani anakuta watu mia mbili wanageuka kulia kwa amri moja. Vita imekwisha jana. Urusi kumepinduliwa. Maofisa wakaandikiana kuulizana kama hii si njama ya Kiislamu, au ya Kijerumani, au ya Kibolsheviki. Wakachunguza, wakapeleleza, na mwisho wakaridhika kwamba ni ngoma. Hata hivyo hawakulala usingizi kamili, na mahali pengine watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga.

Mwaka 1935 wasiwasi huo ulipata mahali pa kushika. Wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini waligoma kwa sababu ya kodi, askari wakafyatua risasi huko Luanshya na watu 6 wakauawa. Tume ya uchunguzi iliyofuata ikataka kujua, pamoja na mengine, habari za mbeni: watu hawa wanaojua kujipanga na kupelekeana habari, walifundishwa wapi? Bunduki za mbao hazikumwua mtu. Ila mtu aliyezoea kukusanya michango, kutunza daftari na kupanga watu mstari, hakosi la kufanya siku mambo yakichafuka.

Na tusidhani lilikuwa jambo la pwani yetu tu. Mtaalamu mmoja, Clyde Mitchell, aliitazama ngoma ya kalela hapo hapo Luanshya mwaka 1951, akaandika kuhusu "daktari" aliyevaa koti jeupe lenye msalaba mwekundu, na "nesi" aliyepita kati ya wachezaji na kioo na leso ili kila mtu ajitazame na kujipangusa jasho asiharibike sura. Afrika Magharibi, katika mji wa Accra, Mfaransa Jean Rouch alipiga filamu ya watu wa Hauka, iliyotoka 1955, wakipandwa na pepo za magavana na makapteni, na bunduki zao za mbao mikononi. Walivunja yai juu ya kichwa cha sanamu ya gavana ili lifanane na manyoya ya kofia yake. Filamu ile ilipigwa marufuku katika makoloni ya Uingereza. Mtu hapigi marufuku kasuku, nadhani.

Wanawake nao siwaachi, maana bibi yangu angenilaumu. Waume zao walipokuwa majenerali, wao walikuwa na lelemama, na huko Mombasa vyama vyao viwili vikubwa, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa miaka mingi. Siku nyingine walitoka wamevaa kama mabaharia. Hebu fikiri, mwanamke wa Kiislamu wa mji, ambaye mchana hutoka na buibui, anapita mbele ya watu na sare ya manowari! Wanaume wakali walilaani sana. Wanawake wakaendelea kushona.

Beni yenyewe ilififia katika miaka ya 1930. Makarani, wale Marini safi, walipata viwanja vingine vya kushindana. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walianzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na mwaka 1929 chama cha African Association kikaanzishwa Dar es Salaam. Vijana wakahamia dansi na mpira. Tarumbeta zikabaki kwenye harusi, na neno beni likabaki kwa watu wa tarumbeta. Kaki ikarudi kuwa ya polisi na ya mtoto wa shule.

Katika familia yetu kulikuwa na koti moja. Bibi alisema lilikuwa la mjomba wake, kapteni wa Arinoti, na lilikaa kwenye sanduku mpaka siku nilipokuwa darasa la tatu, mchwa walipoliingia. Likachomwa pamoja na majani ya uani. Vifungo vya debe tulivichezea kama shilingi, tukavipoteza kimoja kimoja. Mimi ndiye niliyekipoteza cha mwisho, na nalisema hili redioni na gazetini kwa sababu tangu siku nilipokisoma kile kitabu sijapata kulisahau. Bibi hakunigombeza. Ila alipokuwa akihadithia tena, hakuonyesha tena kwa mikono.

Lile la Arinoti pia lilikuwa jambo la kusemwa kwa sauti ya chini nyumbani kwetu. Watu wa mjini waliuliza jina la chama wakajua ulikotoka. Mama yangu mpaka leo hupenda kusema kwamba mjomba yule alikuwa Marini.

Basi, ndugu msomaji, nilimweleza shemeji yangu yote haya jioni ile, kahawa mbele yetu, naye akasikiliza mpaka mwisho. Akaniambia: "Sawa shemeji. Lakini hao wazee wako walikuwa wanaiga watu wenye nguvu waliowaona. Huyu anaiga mtu ambaye hayupo." Sikuwa na jibu, na nakiri kwamba bado sina. Labda siku hizi wenye nguvu ni hao wa kwenye kioo, waliochorwa mbali na watu tusiowaona sura. Au labda kijana anapenda tu kuchonga.

Mpwa wangu alikuwa kimya muda wote, anapiga msasa. Kulipokaribia magharibi akaja na lile bega la fedha akaliweka mezani kando ya kahawa. Akasema pindo lake limekataa kukaa sawa, alitaka lining'inie, akajaribu uzi wa nailoni, ukawa kama brashi ya choo. Akaniuliza: "Mjomba, hizo nyuzi za mkonge bibi alisema zinachemshwa na manjano kiasi gani?"

Nikamwambia bibi hakupima. Asubuhi yake tukavuka kwa kivuko kwenda ng'ambo kutafuta mkonge.